Kiwanja Nilichokitoa Msibani

Jumanne, 9 Mei. Mvua imenyesha tangu alfajiri, ikakatika saa nne, ikarudi saa sita kama mtu aliyesahau kitu ndani. Mtaro wa mbele ya nyumba umejaa lakini maji yanakwenda. Nimetoka na mwavuli kuutazama, ingawa si kazi yangu tena.

Mwenyekiti wa mtaa aliyepokea nafasi yangu ameniomba niwaandikie, yeye na wajumbe wake wapya, jinsi sisi tulivyokuwa tukifanya kazi. Nilimwambia nimesoma mpaka darasa la nne, na kilichobaki nimekiokota kwenye elimu ya watu wazima. Akasema, "Andika hivyo hivyo, mama, kama unavyoongea." Basi naandika hivyo hivyo. Mkifika mahali mkaona nimejipinga, msihangaike kunisahihisha. Huenda jambo lenyewe sikulielewa, na mengine siyaelewi hadi leo.

Nilianza kama mjumbe wa nyumba kumi, zamani za chama kimoja. Aliyekuwa mjumbe kabla yangu alikuwa Mzee Mbaruku, mtu wa Lindi kama mimi. Siku ya kukabidhiana alinipa filimbi, reki iliyong'oka meno, na benchi. Nilidhani benchi ni la kukalia mimi.

"La wagomvi hilo," akasema. "Mtu akija na shauri usimsikilize akiwa amesimama. Mkalishe, mpe maji. Halafu anayeshtakiwa ndiye aanze kusema."

"Kwa nini yeye?"

"Mwenye kushtaki ameshasema njia nzima, Somoe. Huyu mwingine bado hajafungua mdomo."

Sijasikia kwamba mahakimu wanafanya hivyo, kwa hiyo inawezekana si sahihi. Mimi nimelifuata miaka yote, na nawaachia mlipime wenyewe. Reki mtapata mpya.

Kazi yangu ya kwanza ilinichanganya. Niliagizwa nimtazame Bwana Kanti, Mhindi mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale kona, ambaye familia yake inakaa ghorofani juu ya duka. Ilisemekana ameficha sabuni na sukari. Nikawa nakaa kwenye baraza ya nyumba inayotazamana na duka lake, namtazama. Mke wake akaona nakaa juani, akaniletea chai. Nikanywa. Sijui kama ile ilikuwa rushwa. Ilikuwa na tangawizi.

Sukari sikuiona. Kabla sijapeleka taarifa, mambo yakageuka, ikawa ruksa. Kila mtu auze anachoweza, mitumba, redio, viatu vya mguu mmoja mmoja ukatafute mwenzake. Nikaagizwa niende kwa Bwana Kanti yuleyule nikamwombe mabati ya kuezekea ofisi. Akanitazama juu ya miwani.

"Mjumbe, juzi mimi mlanguzi. Leo mimi mfadhili. Kesho mimi nani?"

"Bado sijaambiwa, Bwana Kanti."

Akacheka, akatoa mabati. Namtaja kwa sababu wengine watawaambia alikuwa mtu mgumu. Alikuwa mgumu kwa habari ya harufu na kelele. Kwa mengine alikuwa jirani.

Vikaja vyama vingi, ikaja mitaa na wenyeviti wake, watu wakanichagua. Mtaa wa pili yetu, ng'ambo ya soko dogo la nyanya, walimchagua Lukasi. Huyu alikuwa fundi cherehani, Mkristo wa Songea, Mngoni. Wangoni na sisi watu wa Lindi tunataniana tangu vita vya mababu. Nyie vijana mliozaliwa hapa mjini mnadhani utani ni kuchekeshana tu, kwa hiyo nieleze kidogo. Mtani wako anaweza kukutukana mbele ya wakwe, akachukua kuku wako uani, na huruhusiwi kununa. Ukinuna umejivunjia heshima wewe. Na msibani mtani ndiye mwenye nafasi ya kufanya vituko watu wacheke, kwa sababu kulia peke yake kunaua.

Lukasi alikuwa akipita ofisini kwangu kila asubuhi. "Hodi, mateka wetu. Mmelala salama bila ruhusa yangu?" Nami nilimjibu kwamba babu yake alikimbia vita akiwa amevaa kanga ya bibi yangu. Ndivyo tulivyoanza kazi. Tulielewana sana.

Jambo pekee ambalo hatukuelewana lilikuwa gofu. Kati ya mitaa yetu kulikuwa na nyumba iliyoanguka zamani, wenyewe hawajulikani walipo, pakabaki kiwanja na kipande cha ukuta. Watu walitupa taka pale. Mpaka wa mitaa ulipita hapo, lakini hakuna aliyejua hasa unapita wapi. Nikimwambia Lukasi watu wake wasafishe, alisema ni kwangu. Akiniambia mimi, nilisema ni kwake. Nakiri sote tulikuwa na hoja. Siku za usafi kila mtaa ulifagia vizuri mpaka ukingoni mwa gofu, ukaishia hapo, na takataka za fagio zote mbili zikaingia katikati.

Hapa mnisikilize ninyi wapya. Usiitishe siku ya usafi kabla hujajua taka zitakwenda wapi zikishafagiliwa. Mimi niliitisha nyingi hivyo.

Mzee Mbaruku akafariki. Nyumba ilijaa, wanawake uani na ukumbini, wanaume barabarani. Jeneza lilipoinuliwa litoke, Lukasi akajilaza kizingitini, chali, mikono kifuani.

"Hatoki mtu hapa! Huyu mzee alikuwa mali yangu. Nilipeni kwanza."

Watu wakamrushia shilingi. Akazisukuma kwa kisigino. "Sitaki vishilingi vya watu wa Lindi, vinanuka samaki. Nataka kitu cha mtaa huu!"

Shehe anatazama saa. Mimi nimelia tangu asubuhi, kichwa kinaniuma, na nacheka. Nikapaza sauti kutoka kwenye wanawake: "Mpeni lile gofu na taka zake zote, Mngoni mwenye njaa, atupishe!"

Nyumba nzima ikaangua kicheko. Lukasi akainuka, akajipangusa, akasema, "Mmesikia wote. Gofu langu." Mzee akatoka, akaenda kuzikwa.

Sikulifikiria tena. Nani angelifikiria?

Siku hizo tulikuwa na taabu ya vibaka. Wanapora kina mama wanaotoka kununua vitu sokoni, halafu wanapotelea gofuni. Sungusungu wetu walikuwa wazee watatu na kikohozi. Ndipo akanijia kijana mmoja, Selemani, wanamwita Sele, mbeba mizigo wa sokoni. Alikuwa mtu mzima tayari, ana mabega ya kubeba gunia la viazi kama mto wa kulalia.

"Shikamoo, Mama Mwenyekiti."

"Marahaba. Kaa."

Akakaa kwenye benchi. "Mama, tunataka lile gofu. Mimi na washkaji. Tunasafisha wenyewe, hatuombi kitu. Tunataka kupiga ngumi."

"Kumpiga nani?"

"Mchezo, mama! Ndondi. Asubuhi mazoezi, jioni mazoezi. Mtu akishachoka vile, mkoba wa mama wa watu atamkwapulia saa ngapi?"

Nikamwambia asafishe. Sikumuuliza Lukasi, na Lukasi alipopita akaona vijana wanachimbua taka, alisema tu, "Naona wapangaji wangu wameanza kazi." Nikacheka. Mnaona? Na hapo pia nilicheka.

Wale vijana walifanya nisichowahi kukiona. Walizoa taka kwa karai, wakazipeleka na mkokoteni wa kuazima hadi barabara kuu linakopita gari la jiji. Walisawazisha ardhi. Gunia la vumbi la randa wakalining'iniza kwenye mti walioupachika ukutani. Vyuma vya kunyanyua walitengeneza kwa bomba na makopo ya rangi waliyoyajaza zege. Makopo alitoa Bwana Kanti, baada ya kulalamika kwanza kuhusu kelele. Glavu walikuwa na jozi moja. Wakipigana, mmoja anavaa ya kulia, mwenzake ya kushoto, na mkono mwingine kila mtu anaukunja mgongoni. Sele alipewa ya kushoto siku zote, kwa sababu mkono wake wa kushoto, walisema, unatoka mahali usipopatazama. Akaja mtu kutoka klabu moja ya Temeke kumtazama, akasema aendelee hivyo, atarudi.

Vibaka wakapungua. Sisemi waliisha, na sisemi kwamba baadhi ya vibaka hawakuwa ndio hao hao mabondia. Lakini nilipopiga filimbi walitoka mbio kunisaidia, na zamani nilipopiga filimbi watu walifunga madirisha.

Halafu ikaja masika mbaya, na kipindupindu. Kiliupiga zaidi mtaa wa Lukasi, maana uko bondeni na taka zao, tangu gofu lisafishwe, walikuwa wakizitupa mtaroni. Hili niliandike waziwazi. Tuliposafisha gofu tulifurahi upande wetu, na taka za wenzetu zikatafuta pengine. Sijui kama ndizo zilizoleta ugonjwa. Bwana afya alisema ni visima. Alisema pia ni mitaro.

Wakati huo jiji lilianza kuwapa watu binafsi kazi ya kuzoa taka, na sehemu yetu ikapata kampuni. Nao walitaka mahali pa kuweka kontena, lile pipa kubwa la chuma, ambapo lori linaweza kuingia na kugeuka. Mimi na Lukasi tulizunguka na dereva mtaa hadi mtaa. Kila tulipopafikiria, barabara ilikuwa imejaa meza za biashara. Dereva anatikisa kichwa, "Hapa gari halikati kona." Mwisho tukasimama gofuni. Vijana walikuwa wanaruka kamba. Dereva akapima kwa macho, akasema, "Hapa."

Nikasema, "Hapa pana vijana."

Lukasi hakunitazama. Akasema, "Hapa pangu, Bi Somoe. Ulinipa mbele ya maiti."

Nikasubiri acheke. Hakucheka.

Diwani wa kata yetu, kijana wa huko kaskazini, msomi na mwenye adabu, akaitisha kikao uani mwa ofisi yangu. Kampuni ilikuwa imesema wenyeviti wawili wasipokubaliana, kontena linakwenda kata nyingine. Walikuja watu wa mitaa yote miwili. Nilileta benchi la Mzee. Nikasema aanze Sele, kwa sababu ndiye wa kuondolewa.

Sele akakaa, mikono katikati ya magoti. "Mimi sina maneno mengi. Huo utani wenu mimi simo, mimi Mzaramo. Nashangaa nimegawiwa msibani kama pilau." Watu wakacheka, yeye hakucheka. "Wekeni hilo kontena upande wa ukutani, sisi mtuachie kipande. Tutafagia wenyewe. Tukitoka pale hatuna pa kwenda. Hakuna uwanja Kariakoo hii, kila penye upana wa mkeka pana mtu anauza."

Dereva akaulizwa. Akasema kipande hakitoshi, lori likirudi nyuma linataka kiwanja chote, na asingependa kumkanyaga mtu.

Bwana Kanti akasimama. Nikamwambia akae, akakaa. "Mimi nilisema hawa vijana wezi. Sasa nasema, tangu wakae pale kufuli yangu haijavunjwa. Na harufu ya kontena itapanda dirishani kwangu. Kweli nasema kwa faida yangu. Lakini nasema."

Akafuata mama mmoja wa mtaa wa Lukasi, Mama Zuhura. Alikuwa amemzika mtoto wake wa kike masika ile. Alikaa ukingoni mwa benchi, akasema kwa sauti ndogo hata wa nyuma wakaanza kuulizana anasema nini. "Mimi sijui ngumi. Nikiamka maji machafu yako mlangoni, na yanatoka juu kwenu. Basi."

Akarudi kukaa na wenzake. Hakulia.

Diwani akanigeukia. "Mwenyekiti, mwenzako anasema ulikitoa kiwanja kwake. Ulikitoa au hukukitoa?"

Nawaambieni, nikapima majibu yote mawili. Nikisema sikukitoa, nimemfanya mtani wangu mwongo, na waombolezaji wote waliosikia pia. Nikisema nilikitoa, basi nilitoa kisicho changu, kwa mzaha, nikamfukuzisha Sele kwa mzaha. Wazee waliokuwapo wakaanza kubishana. Mmoja anasema kitu alichopewa mtani msibani hakirudi. Mwingine anasema hiyo ni kuku na sahani, si ardhi. Diwani anageuza shingo huku na huku, masikini, kwao hawana mambo haya.

Nikasema, "Nilikitoa na sikukitoa."

"Hilo siwezi kulifanyia kazi, Mwenyekiti."

Nikamtazama Sele, nikamtazama Mama Zuhura. Nikasema, "Basi tuuache utani pembeni. Mambo ya msibani yabaki msibani. Mimi mwenyewe, leo, nikiwa na akili zangu, nasema kontena liwekwe."

Sele akainuka kwenye benchi. "Poa, mama," akasema, kwa adabu kabisa. "Tupeni muda tutoe vyuma."

Watu walipotawanyika Lukasi akabaki. Nilidhani atanishukuru. Alikuwa amekasirika.

"Kwa nini hukusema ndiyo?"

"Ndiyo ipi?"

"Kwamba ulinipa! Ungesema ulinipa, ningekuwa mimi niliyewafukuza. Mngoni mkorofi, amechukua kiwanja kwa ujanja wa msibani. Wangenichukia mimi, nami nakaa mtaa wa pili, ingenidhuru nini? Sasa umewatoa mwenyewe, watoto wa mtaa wako. Mtani anakushikia mzigo, wewe unaushusha kichwani kwake unaubeba!"

Nikasimama pale na birika la maji mkononi. Sikuwahi kuliona hivyo. Mpaka leo sijui kama ndivyo alivyokusudia tangu siku ile alipokataa kunitazama, au wazo lilimjia pale pale uani. Wakati mwingine nafikiri alikitaka tu kiwanja. Wakati mwingine nafikiri hakuna mtu aliyewahi kunitendea wema kama ule, nami nikaukataa mbele ya watu kwa kudhani nafanya haki. Nilimuuliza mara moja baadaye. Akasema, "Yameshapita, mwenyekiti." Aliniita mwenyekiti. Hajaniita mateka tena.

Kontena lilikuja. Masika iliyofuata ugonjwa ulikuwa mdogo kule bondeni. Mama Zuhura mwenyewe alinipitia kuniambia maji hayamfikii tena mlangoni. Wengine wanasema mvua ya mwaka ule ilikuwa ndogo tu. Vibaka walirudi kiasi. Bwana Kanti alifunga dirisha la upande ule kwa matofali, hakunilaumu, na mke wake aliendelea kuniletea chai. Yule mtu wa Temeke alirudi kumtafuta Sele akakuta lori.

Mwaka uliofuata wale vijana waliunda kikundi cha usafi, kampuni ikawapa kazi ya kupita majumbani na mkokoteni kukusanya taka na kuzileta pale pale kontenani. Diwani alinisifu kwenye mkutano, kwamba nimewapatia vijana ajira. Watu wakapiga makofi. Sikupiga. Sikukataa pia. Kazi wanayo, ni kweli, na wengine wameoa kwa kazi hiyo.

Ninyi wapya mtaletewa kesi ya kuchagua kati ya taka na vijana, au vijana na wezi, au wote pamoja kwenye kiwanja kimoja. Ningependa kuwaambia jinsi ya kuchagua. Ninachoweza kuwaambia ni kwamba mwenye kupoteza asikilizwe kwanza, na mkishaamua, mseme kwamba ni ninyi mmeamua. Lakini hata hili la pili, baada ya maneno ya Lukasi, sina hakika nalo.

Leo jioni mvua ilipokatika, nikiwa bado na karatasi hizi mapajani, Sele akapita na mkokoteni. Sikuwa nimewahi kumuuliza. Nikamuuliza.

"Sele, ule mkono wako wa kushoto ungefika wapi?"

Akaegemea mkokoteni, akafikiri kweli. "Sijui, mama. Labda ningepigwa raundi ya kwanza nikarudi kubeba viazi. Labda Ulaya. Ndiyo hiyo, sijui. Ningependa kujua."

"Nilikukosea?"

"Mama Zuhura yule ni shangazi wa mke wangu sasa. Nikujibu nini?" Akashika mipini. "Siku ile nilikuchukia, nisikudanganye. Nilikuchukia muda mrefu."

"Na sasa?"

"Sasa nina njaa, Mama Mwenyekiti."

Nikamwambia aingie. Akasema haingii, ananuka, ataharibu nyumba ya watu. Basi binti yangu akatoa mkeka barazani, nikatoa maji ya kunawa na sabuni, na chakula chote tukakihamishia nje karibu na mkokoteni, sufuria na sahani na wajukuu. Tulikula wali wa nazi, kunde, na vibua vya kukaanga kutoka soko la samaki la Feri. Sele alirudia mara mbili. Alikula kwa mkono wa kulia, kama watu wote.